Giza ni mjomba wetu

Juzi umeme ulikatika mtaani kwetu hapa Arua, Uganda, nikamalizia kitabu kwa tochi ya simu, na mpaka leo kimenikaa kichwani. Ni Lord of Light cha Roger Zelazny, cha mwaka 1967. Watu wamefika sayari ya mbali na meli ya angani, waliobaki na mashine wakajipa majina ya miungu ya Kihindi, na huku chini wengine hata mashine ya kuchapa vitabu hawaruhusiwi kuwa nayo. Yaani mwanga upo, ila umefungiwa huko juu na wenyewe. Hapo ndipo nilikipenda, maana hadithi nyingi za anga zinanichosha, wenye mwanga ni wazuri, wenye giza wachinjwe, kwisha.

Mi nalikumbuka giza la tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipopatwa. Pakwach lilizibwa kabisa, kwetu kikabaki kipande chembamba, ilikuwa jioni tumekaa chini ya mwembe na mwanga unaopenya kwenye majani ukawa vimwezi vidogo vidogo, vimejaa kwenye kitenge cha mama. Mama hakusema neno, alikivuta tu kile kitenge kikanyooka magotini ili avione vizuri. Mwanga ukiwa mwingi huwezi kuviona vile.

Sasa angalia hadithi ya Kintu, mtu wa kwanza wa Baganda, na mkewe Nambi aliyetoka mbinguni. Walumbe, yaani kifo chenyewe, ni mtoto wa Ggulu kule mbinguni, kaka yake Nambi. Hakutoka shimoni kuja kupigana, alimfuata dada yake aliporudi mbinguni kuchukua punje za ulezi za kulisha kuku, na alipofika duniani akaomba mtoto mmoja tu wa kumsaidia kupika. Kintu akakataa, ndo watoto wakaanza kufa. Kwa Kintu huyo ni shemeji, na kwetu sisi watoto wa Nambi ni mjomba kabisa! Adui wa namna hiyo unampiga na bunduki ya leza vipi?

Kayikuzi, ndugu yao mwingine, alitumwa kumrudisha Walumbe mbinguni, akaamuru watu wote wanyamaze, watoto wakapiga kelele na Walumbe akazama ardhini kule Ttanda, Mityana, mashimo yako mpaka leo.

Hadithi ninayoandika inaanzia hapo. Meli ya Ggulu imetua Ttanda usiku, taa zote zinawaka, na kule shimoni kuna mtu anauliza kwa upole kama kuna mtoto wa kumsaidia kupika.