Epithelia niliielewa kwa mkono uliobabuka

Testi ya kwanza ya anatomia nilipata 11 kati ya 40. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa uuguzi, Mtwara mjini, na kilichoniangusha ni mada moja: tishu ya epithelia, yaani seli zinazofunika mwili kwa nje na kutanda ndani ya viungo vyake. Kusoma nilisoma. Nilikariri tabaka moja, tabaka nyingi, seli bapa, seli za mchemraba, seli ndefu, hata usingizini nilikuwa nazitaja. Lakini swali lilipouliza kwa nini umio, njia ya chakula kwenda tumboni, una tabaka nyingi na vifuko vya hewa vya mapafu vina moja tu, nikaandika majina yaleyale tena.

Likizo ya Krismasi nikaenda Newala kwa bibi. Korosho za kuuza zilikuwa zimeshapelekwa ghalani, yeye amebakiza debe moja la kubangua nyumbani. Akazikaanga uani kwenye bati, moshi mweusi ukapanda, maganda yakashika moto, akayamwagia mchanga kuyazima. Tulipokaa kubangua akanisogezea sahani ya majivu.

"Paka mikono kwanza, mjukuu wangu. Mafuta ya ganda yanakula."

Nikapaka. Baadaye nikawa nasahau kurudia, na kila ganda likipasuka yale mafuta ya kahawia yananitiririkia mpaka katikati ya vidole.

Kesho yake viganja vilikuwa vyeusi tu, kama vya fundi gereji. Lakini mgongo wa mkono wa kulia na katikati ya vidole palikuwa pameumuka malengelenge, panawaka moto. Nikakaa kwenye mkeka nikiugeuza ule mkono, upande huu na upande ule. Mafuta ni yaleyale, saa ni zilezile. Mbona kiganja kimesalimika?

Hapo ndipo nilipofungua daftari nikiwa na swali langu mwenyewe, si la mwalimu. Ngozi ya juu ni epithelia ya tabaka nyingi. Seli huzaliwa chini kabisa, zinasukumwa juu, njiani zinajaa keratini, protini ngumu kama ya kucha, na kufa, na zile zilizokufa ndizo ngao. Kiganjani ngao hiyo ni nene kupita karibu sehemu zote za mwili, kwa sababu ndipo panaposhika jembe na mchi. Mgongo wa mkono ni mwembamba. Mafuta ya ganda yana asidi ya anakadi na kadoli, ndugu wa kile kinachobabua midomo ukila embe pamoja na utomvu wake, maana mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja. Kiganjani yaliishia kwenye seli zilizokufa; upande wa pili yalizifikia zilizo hai.

Siku ya tatu lengelenge moja likapasuka lenyewe. Yakatoka maji maangavu, damu hakuna hata tone. Nilifurahi mno, bibi akadhani nina homa! Daftari langu lilikuwa na sentensi niliyoikariri bila kuiona: epithelia haina mishipa ya damu. Seli zake zimebanana, zimekaa juu ya utando wa msingi, ngozi nyembamba mno inayozishikilia, na chakula na oksijeni hupanda kutoka kwenye tishu unganishi iliyo chini yake. Sasa nilikuwa naitazama.

Kidonda nilikiosha kwa sabuni na maji safi, nikakifunika kitambaa safi, na malengelenge mengine sikuyatoboa, kwa kuwa ile ngozi iliyoinuka ndiyo bandeji bora. Jirani aliniletea dawa ya meno nipake, nikamshukuru, sikupaka. Ngozi mpya ilianza kutambaa kutoka pembeni, lakini katikati pia vikatokea vidoa vidogo, kila kimoja kikizunguka shina la laika la mkono. Epithelia huzama hadi kwenye mashimo ya nywele, kwa hiyo palipochubuka juu, mbegu ilikuwa imebaki chini.

Tangu hapo nikaacha kukariri, nikawa nauliza kila sehemu ya mwili swali moja: hapa panasuguliwa, au kuna kitu kinapita? Umio unapitisha matonge ya ugali wa muhogo kila siku, unasuguliwa, kwa hiyo tabaka ni nyingi. Ila ni pa majimaji, hapahitaji keratini. Vifuko vya hewa vinapitisha oksijeni kuingia kwenye damu, kwa hiyo ni seli bapa, tabaka moja. Utumbo mwembamba unafyonza, nao ni tabaka moja, seli ndefu zenye vinyweleo vidogo mno vya kuongeza eneo, na hubadilishwa upya kila baada ya siku chache. Mirija mingi ya figo, mchemraba.

Koo la hewa lilinisumbua, kwani linaonekana tabaka nyingi kumbe kila seli imegusa utando wa msingi. Likanikaa kichwani kwa sababu ya moshi wa bati. Jioni ya siku ile nilipenga makamasi meusi tii. Pua na koo la hewa vina epithelia ya aina moja: seli nyingine hutoa ute unaonasa masizi, nyingine zina silia, vinyweleo vinavyopigapiga, zinazousukuma ute huo kuelekea kooni, ukamezwa au ukatemwa. Masizi yale yalizuiwa njiani kabla ya kufika mapafuni.

Testi ya pili ilikuja na kibofu cha mkojo. Sikuwa nimekikariri. Nikajiuliza kinafanya nini: kinajaa, kinatanuka, kinasinyaa, na mkojo usivuje kurudi mwilini. Nikaandika kwamba lazima seli zake ziwe tabaka nyingi, nene kikiwa kitupu na bapa kikijaa. Ndivyo zilivyo. Nilipata 31.

Bibi alipiga simu kuulizia mkono. Nikamwambia ngozi imerudi laini, ila pale palipobabuka pamebaki peupe kidogo: seli zinazotengeneza rangi hukaa tabaka la chini kabisa, na zenyewe huchelewa kurudi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema msimu ujao majivu atanipaka mwenyewe.