Nilivyoupata ugonjwa wa mwani kwa kubadilisha maneno tu

Mama mdogo analima mwani Jambiani, Zanzibar, kotonii yake, aina ya mwani hiyo, ikawa inafanya weupe kwenye matawi halafu inakatika, ukishuka bamvua unakuta taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, zinaning'inia tupu. Akanambia, mwanangu we si una bando, hebu tazama huko wanasemaje.

Kwanza nkaandika mtandaoni kama anavyosema mwenyewe, kwa nini mwani wangu unakufa, wallahi nkaletewa sabuni za mwani, faida za mwani kwa ngozi na picha za mahoteli. Mana maneno kama kwa nini na wangu yamejaa kila pahala, hayachagui kitu, neno lililomo kwenye maandishi machache ndo lenye uzito, na hili Karen Spärck Jones, mtaalamu wa kompyuta wa Uingereza, kaliandika tangu 1972. Tena vifaa vingi vya kutafuta vimezoea kukata mkia wa neno kama la Kiingereza, sisi letu linabadilika kichwani, unakufa, umekufa, ulikufa, kwa programu nyepesi hayo matatu hayajuani kabisa.

Basi nkatupa sentensi yote nkabakisha magumu tu, Kappaphycus, "ice-ice", Zanzibar. Hiyo Kappaphycus ndo jina la kitaalamu la kotonii, na ice-ice ndo jina la wataalamu la ule weupe, na ukiiandika bila alama za kunukuu utapewa barafu mpaka uchoke. Hapo ndo yakaanza kuja ya maana, nkaongeza na jina la Msuya, yule mtaalamu wa mwani wa huku kwetu, yakazidi kunyooka. Lakini maandishi ya zamani ya Ufilipino yalikuwa hayaji, kumbe jina la Kappaphycus limeanza 1988, kabla ya hapo mwani uleule unaandikwa Eucheuma, nkaweka majina yote mawili na OR katikati, yaani hili au lile, kwa herufi kubwa, yakaja.

Nkamsomea: maji ya kina kifupi yakipata joto sana mwani unachoka, bakteria wanaumalizia, spinosamu, ile aina nyengine ya mwani, inavumilia zaidi, na kotonii washajaribu kuipeleka kina kirefu ndani ya nyavu za mfano wa bomba, wenyewe wanaziita tubular net. Akanitazama, "Joto nalijua, nakanyaga mimi. Hicho kina kirefu ntakifikaje na kuogelea sijui?"

Haya, sasa nimeanza na "tubular net", Zanzibar, boti.