Saa Iliyotobolewa, Ngamiani

Kutoka Geita hadi Tanga kwa basi ni adhabu ambayo mtu hujipa mwenyewe na nauli akalipa. Pale Segera chipsi mayai na soda vilinitoa elfu kumi, na chipsi zenyewe zilikuwa za tangu alfajiri. Nilifuata vipuri vya karasha, mashine yangu ya kusaga mawe ya dhahabu, vilivyokwama bandarini. Kila siku naambiwa njoo kesho, na kila kesho gesti inanitoza bei ya chumba chenye kiyoyozi, ilhali kinachotoka humo ni joto. Basi, hayo tuyaache. Ninachotaka kusimulia ni asubuhi moja kwenye baraza la fundi saa, Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara za namba.

Nilimpelekea saa yangu iliyoishiwa betri. Nikamkuta na mzee wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa hapohapo Tanga, ambaye makazi yake sasa ni Uingereza. Alikuja kuangalia nyumba ya marehemu baba yake, na pini ya mkanda wa saa ikamchomoka njiani. Fundi alikuwa ameilaza ile saa juu ya kitambaa, kioo jichoni, kimya. Fundi saa aliyenyamaza sikuwahi kumwona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sogea utazame, mwanangu."

Saa haikuwa na uso. Ilikuwa kronografu, yaani saa yenye kipima muda ndani yake, ya kutia ufunguo kwa mkono, kioo mbele na kioo nyuma, na katikati mashine iliyochongwa mpaka ikabaki mifupa. Vile vibao vinavyoshika magurudumu, fundi anaviita vidaraja, vilikuwa vimekatwa hadi vikawa vijitawi, na kila kijitawi kina majani yaliyojisokota, yamechorwa kwa mkono. Niliishika nikaona alama za kiganja changu upande wa pili.

Fundi akapata ulimi. Kwanza hutobolewa tundu, akasema, kisha unapitishwa msumeno wa uzi na kukata taratibu. Tupa inafuata. Kila ukingo hupigwa mshazari wa nyuzi 45, halafu husuguliwa kwa kijiti cha mti mpaka ung'ae. "Tazama hizi kona za ndani zilivyo kali. Mashine inayozunguka haiachi kona hivi, inaacha mviringo. Huu ni mkono wa mtu." Nakshi huja mwisho, kwa kalamu ya chuma. Na ukikata kupita kiasi kidaraja kinalegea, magurudumu yanakwenda upande, kazi yote imekufa. Kwenye kronografu hatari ni kubwa zaidi, maana juu ya mashine ya kawaida kuna wenzo, springi na nyundo zake, na zote zinataka pa kusimama.

Mzee akaniruhusu nibonyeze kitufe. Bwana we! Gurudumu dogo lenye nguzo likapiga hatua moja, wenzo ukaanguka, gurudumu moja likasogea likaliuma jingine, sindano ndefu ikaondoka kwa mapigo matano kila sekunde. Nikabonyeza tena, ikasimama. Kitufe cha chini: nyundo zikaangukia vipande viwili vyenye umbo la moyo, na sindano ikarudi juu papo hapo. Ujanja huo wa moyo una hataza ya mwaka 1844, ya Adolphe Nicole. Mashine yenyewe, fundi alisema, ni ya ukoo wa Lemania, kiwanda cha mashine za saa cha Uswisi, wa 1942, ndugu na iliyokuwamo kwenye saa za Omega zilizofika mwezini 1969. Nilibonyeza mpaka nikaona haya.

Nikauliza sasa ni saa ngapi, nisije nikachelewa bandarini. Mzee akaitazama saa yake, akaigeuza kwenye mwanga, kisha akatoa simu mfukoni.

Mtu wa Geita hawezi kuacha kuuliza dhahabu ni gramu ngapi. "Kasha tu ndilo dhahabu, karati 18," fundi alinijibu. "Humo ndani ni shaba na nikeli." Sikuelewa. Kwetu, tangu soko la madini lifunguliwe 2019, tunapanga foleni mbele ya mzani, na mzani ukipungua nawe umepungua. Tunatoa jiwe kwenye duara, yaani shimo la mgodi, tunasaga, tunachoma, tunauza, kisha dhahabu inaondoka na hatuioni tena. Sasa hapa kuna mtu amelipwa kwa kupunguza, tena kupunguza shaba, na bei ya saa ingenunua karasha langu pamoja na lori la kulibebea. Nimekuwa kwenye dhahabu tangu ujana na simjui hata mtu mmoja wa kwetu anayeichora.

Mzee alitozwa elfu tano kwa pini. Mimi betri, elfu nane! Geita ni elfu tatu. Nikalalamika, fundi akaniambia saa yangu ilikuwa ngumu kufunguka.

Usiku nikampigia mdogo wangu, yeye ni mnunuzi wa marudio, ule mchanga unaobaki baada ya dhahabu kutolewa. Nikamweleza yote, mwezi na moyo na msumeno. Akasikiliza bila hamu.

"Na lile kasha la dhahabu nalo wamelichora?"

"Pande zote."

"Vumbi lake linakwenda wapi?"

Nikamwambia karakana za namna hiyo hufagia meza na sakafu, vumbi lote likarudishwa kuyeyushwa.

"Ehee," akasema. "Hao watu wa kazi."