Zeituni za Teruel

Januari 2018 nilikuwa nasoma Valencia, Hispania. Kila niliyemwambia kwamba Jumamosi nakwenda Teruel alicheka: "Kwani Teruel ipo?" Utani huo ni wa zamani. Mkoa mzima, kusini mwa jimbo la Aragón, haufikishi watu laki moja na nusu, na mwaka 1999 wakazi waliochoka kusahauliwa walianzisha vuguvugu wakaliita "Teruel Existe", yaani Teruel ipo.

Treni ilipanda milima kwa kujivuta. Niliposhuka, baridi ilinizaba kofi. Mji wa Teruel, makao makuu ya mkoa, uko mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, nami mtoto wa Kibokoni, Mombasa, nimevaa kisweta cha kuendea dukani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipofika hapa, Desemba 1937 hadi Februari 1938, askari waliganda kwa baridi. Siku ile sikuhitaji kitabu kuliamini hilo.

Nilikwenda kwanza kumwona Torico, fahali wa uwanja wa kati. Kumbe ni kidude tu juu ya nguzo ndefu! Nikacheka peke yangu.

Nilipokata kona nikanyamaza. Mnara wa El Salvador umesimama juu ya njia yenyewe, watu wanapita chini yake kama mlangoni. Matofali yamepangwa kwa nakshi, katikati vigae vya kijani na vyeupe. Moyo ukaniambia: msikiti. Ndani, ngazi zinazunguka mnara wa pili uliofichwa ndani ya wa kwanza, kama minara ya misikiti ya Moroko. Kileleni nikakuta kengele. Ufundi huo wa karne ya 14 ni wa Waislamu waliobaki chini ya wafalme Wakristo. Wazao wao walifukuzwa Aragón mwaka 1610, minara ikabaki.

Nikaingia mkahawani natetemeka. Mzee wa kaunta aliniletea chai na kisahani. "Aceitunas," akasema.

"Zeituni," nikamjibu. "Kwetu ndivyo tuziitavyo."

Akanikazia macho, kisha akasukuma bakuli. "Azúcar?"

"Sukari."

Akapiga meza kwa furaha. Akanyoosha kidole kwenye mapaja ya nguruwe yaliyoning'inia juu yetu, ile jamón inayoupa mkoa sifa, akasubiri.

"Hilo," nikamwambia, "Mwarabu hakutuletea."