Nimelipia Samaki, Nikaonyeshwa Udongo wa Ukambani

Ufukweni Malindi, Kenya, kila mwenye mkoba mgongoni husalimiwa kwa Kiitaliano, "Ciao!" Hata mimi, Mdigo wa Tanga niliyekaushwa na jua la pwani tangu utotoni. Nilipoitikia kwa Kiswahili cha kwetu, bei ya boti ikateremka papo hapo kutoka elfu sita hadi elfu tatu na mia tano. Tukapeana mikono na nahodha, binamu yangu akiwa shahidi.

Safari ya kutoka Tanga kupitia Horohoro na kivuko cha Likoni siisimulii, kila mtu anaijua. Chumba nacho kilikuwa na feni iliyopiga kelele bila kutoa upepo, na bado nililipishwa kana kwamba nimelala juu ya godoro la sultani.

Hifadhi ya bahari ya Malindi ilitangazwa mwaka 1968, nayo ni miongoni mwa zile kongwe kabisa Afrika. Watu huenda kwa boti zenye kioo sakafuni, maji yakikupwa, ili matumbawe yawe karibu na macho. Tukangoja maji yakupwe huku jua la Desemba likituunguza visogo. Tulipokuwa tumeshaliacha pwani mbali, nahodha akasema kwa upole kabisa:

"Ile elfu tatu na mia tano ni ya kichwa, kaka. Nanyi mko wawili."

"Na miwani ya kuzamia?"

"Mbali."

"Na tikiti ya hifadhi?"

"Hiyo ya serikali, mbali vilevile."

Sasa utateremka wapi? Elfu saba, yaani zaidi ya bei aliyoanza nayo ya elfu sita! Binamu yangu akaanza kufoka, mimi nikainamia kioo ili angalau nifaidi nilicholipia. Maji yalikuwa chai ya maziwa. Nilibahatika kuona kiti cha pweza kimoja, jongoo bahari aliyelala zake, na kivuli ambacho nahodha aliapa kuwa ni samaki aitwaye changu.

Ila huyo nahodha, pamoja na utapeli wake, bahari aliijua. Alituonyesha kaskazini, unakomwaga Mto Sabaki. Maji yale, alisema, yanaanzia huko bara karibu na Nairobi yakiitwa Athi, yakipita Tsavo yanaitwa Galana, yakitufikia sisi yanaitwa Sabaki. Mvua za vuli zikinyesha, udongo wa mashamba ya Ukambani unateremka wote. Wakati wa kusi mkondo huupeleka upande wa Ngomeni. Kaskazi ikivuma unarudi huku, mjini na hifadhini, ukayafunika matumbawe na kuyanyima mwanga. Ndiyo maana ufuo wa mjini umetanuka, na bahari imesogea mbali na majengo.

"Kwa hiyo tumelipa kuona samaki," binamu yangu akasema, "tumeonyeshwa shamba."

Nahodha akacheka sana. Pesa hakupunguza.

Gede tulikwenda kesho yake. Mji wa mawe uliohamwa karne ya 17, sasa uko msituni, na mwaka 2024 UNESCO imeuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Jumba la mfalme ni zuri, lakini ninachokikumbuka ni kima aliyeninyang'anya ndizi mbele ya msikiti mkuu.

Kwenye nguzo ya Vasco da Gama, yule baharia Mreno, nililipa tena, bei ya wageni. Ni mnara mweupe wa mawe wenye umbo la pia, juu ya rasi, wenye msalaba wa jiwe lililoletwa kutoka Lisbon. Malindi walimpokea vizuri mwaka 1498 wakampa na rubani wa kumfikisha Kalikut, India, naye akawaachia nguzo. Sisi wa Tanga alituachia nini? Januari 1999 ilitimia miaka mia tano tangu aichome moto merikebu yake, São Rafael, kwenye miamba ya Mtang'ata, jirani na magofu yetu ya Tongoni, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha zote. Nimekulia pwani ile, nimevua pale, na sijawahi kuona hata kibao kinachosema hivyo. Binamu yangu anasema tukiweke wenyewe, tena chenye bei mbili, ya wenyeji na ya wageni, na miwani iwe mbali.