Jinsi nilivyoyapata maandishi ya Rungwe yaliyojificha

Nilikuwa naandaa bibliografia, yaani orodha ya maandishi, kuhusu Rungwe, nikiwa hapa Mbeya. Nilipozipanga kadi kwa miaka, nikashtuka: enzi ya Wajerumani ilikuwa karibu tupu. Haiwezekani! Wamisionari wao walifika kule mwaka 1891, na watu wale waliandika kweli kweli.

Tatizo lilikuwa majina. Mimi nilitafuta "Tukuyu" na "Wanyakyusa". Wao mji wa Tukuyu waliuita Neu-Langenburg, na Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, waliwaandika Konde. Nikaandika "Konde", nikaletewa Wamakonde wa Mtwara, kurasa kwa kurasa.

Basi nikasimamisha utafutaji, nikaanza na daftari la majina. Kila mahali na kila kabila kadi moja: juu jina la leo, chini majina yote ya zamani na tahajia zake. Hata Mkwawa wa jirani zetu Iringa utamkuta kwenye vitabu vyao kama "Quawa". Kwa "Konde" niliongeza sharti: utafute pamoja na ziwa, nalo uliandike kwa s mbili, Nyassa. Hapo kadi zikaanza kujaa.

Jambo moja nalisisitiza, maana wengi huharibia hapa: usisahihishe jina la kitabu. Linakili kama lilivyochapwa, herufi kwa herufi, kisha jina la leo liweke kwenye sehemu ya mada. Sasa mwanafunzi akitafuta Tukuyu kwenye orodha yangu, Neu-Langenburg inamjia pia.