Njugu za Kibuye zilivyonipa keki ya Mtakatifu Yakobo

Tangu ile sherehe ya jumuiya nimeulizwa na watu wengi hii keki niliifanyaje, kwa hivyo wacha niandike mara moja kila mtu asome, maana nikieleza kwa simu huwa nasahau kitu ya maana.

Jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki hapa mtaa wa Manyatta, Kisumu, msimamizi wake ni Mtakatifu Yakobo Mkubwa na sikukuu yake ni tarehe 25 Julai. Kila mwaka tunafanya vile vile. Tunasali rozari, padre akipata nafasi anatusomea misa nyumbani kwa mtu, halafu chai na mandazi, tunatawanyika. Mandazi mimi nayapenda na nayapika vizuri, lakini ni yale yale ya matanga, ya harambee, ya kila mkutano. Mwaka wa 2025 zamu ya kupokea jumuiya ikafika kwangu na nikasema hapana, mwaka huu msimamizi wetu atapata kitu yake mwenyewe.

Msichana wangu ndiye alinionyesha picha kwa simu. Huko Santiago de Compostela, Galicia, kaskazini magharibi mwa Uhispania, ambako wanaamini ndiko Yakobo amezikwa, kuna keki yake. Ni lozi zilizosagwa, mayai, sukari na ganda la limau, unga wa ngano hakuna hata kijiko. Juu inanyunyiziwa sukari nyeupe na katikati unabaki msalaba wake, ule uliochongoka chini kama upanga, kwa sababu Herode alimuua kwa upanga. Wenyewe wanaichukulia kwa uzito kabisa, tangu 2010 jina lake linalindwa kisheria Ulaya na lozi lazima zifike angalau theluthi ya keki. Ndio maana yangu siiti kwa jina la kwao, naiita tu keki ya Yakobo.

Sasa lozi hapa Kisumu ziko supermaketi, kapakiti kadogo kanaenda mia tatu au mia nne, na mimi nilikuwa nahitaji kitu kama kilo nzima ya kulisha watu thelathini. Nikasema njugu karanga zetu zimekosa nini? Nikashuka soko la Kibuye nikapimiwa nusu gorogoro, lile kopo la kupimia la sokoni, zile nyekundu ndogo, chini ya hiyo pesa ya lozi mbali sana.

Hapo ndipo ushauri ulianza kumiminika. Jirani mmoja akaniambia keki bila unga wa ngano haisimami, niweke vikombe viwili na beking pauda. Mwingine akasema niende tu ninunue piinati bata ya kopo nichanganye, kazi kwisha. Nilikasirika, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuijaribu. Lakini mimi pia jaribio la kwanza liliniangusha na nitasema vile ilikuwa.

Nilikaanga njugu mpaka zikaiva vizuri kama za kuuza kwa karatasi, nikazitia kwa blenda zikiwa bado na joto. Dakika ya kwanza unga mzuri. Nikaona kuna vipande, nikaongeza kidogo, nikaongeza tena, mara nikasikia blenda imebadilisha sauti, inaguna, nafungua napata njugu zimeshika kuta zote, mafuta yanang'aa, ni piinati bata tupu. Nikasema labda mayai yataokoa. Nikapiga mayai matano na sukari, nikachanganya, nikaweka kwa jiko. Ilitoka imelala chini kama tofali, ukingo umeungua, katikati ukibonyeza kidole kinarudi na mafuta. Watoto waliila na chai kwa sababu haikuwa mbaya mdomoni, lakini hiyo huwezi kuweka mbele ya padre. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Usiku ule nilikaa nikafikiria. Njugu ina mafuta mengi, na joto pamoja na kusaga sana ndio yanayoyatoa. Kesho yake nikakaanga kidogo tu, mpaka ganda jekundu linaachia, nikaziacha zipoe kabisa, nikasugua kwa kitambaa na kupepeta kwa ungo. Blenda nikaiweka kando. Nikaazima kinu kwa jirani, na hapa ndipo siri yote ilipo: twanga njugu pamoja na sukari ya keki yenyewe, mkono mmoja wa njugu, mkono mmoja wa sukari. Sukari inakunywa yale mafuta na njugu inabaki unga mkavu, unachekecha kwa chekeche ya unga wa ugali, vinavyobaki juu unarudisha kwa kinu. Nilipoona ule unga unaanguka mwepesi, rangi ya mchanga wa ziwani, nilijua imeshapatikana.

Mayai kama kumi kwa nusu kilo ya unga wa njugu, na sukari yote ile uliyotwanga nayo iwe karibu nusu kilo pia. Piga mayai mpaka mkono uume, maana hakuna kitu ingine ya kuinua hii keki. Ganda la malimau mawili limeparuzwa, mdalasini kidogo. Ovena sina. Nilitandika mchanga safi kwa sufuria kubwa, vijiwe vitatu, sufuria ya keki juu yake, mfuniko bapa, makaa machache juu ya mfuniko, makaa machache sana chini. Kama dakika hamsini, usifungue fungue. Na tafadhali, kabla ya kugawa uliza wazazi kama kuna mtoto anayedhurika na njugu, sisi tulikuwa naye mmoja na nilimwekea andazi lake.

Msalaba msichana wangu aliuchora kwa karatasi ngumu ya manila na kuukata kwa wembe, ndio unaowekwa juu ya keki kabla ya kunyunyiza sukari. Kwa jaribio letu kona zilivurugika wakati wa kuutoa, kwa hivyo tukabandika selotepu katikati tukaikunja isimame kama sikio, unashika hapo na kunyanyua wima. Na usinyunyize nyumbani ukafunika! Joto la hapa Kisumu linafanya sukari inyonye unyevu na kuyeyuka. Mimi nilisubiri misa ikaisha, keki imepoa tangu asubuhi, nikanyunyiza aising shuga, ile sukari laini kama unga, kwa chujio ya chai mbele ya watu wote. Niliponyanyua ile karatasi na msalaba ukabaki pale, wa kahawia, umekatika safi ndani ya weupe, akina mama walipiga vigelegele na mimi machozi yakanitoka.

Kuna mzee wetu mmoja ambaye alivua samaki miaka mingi pale Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu. Yeye ndiye alipewa kipande cha kwanza. Katekista alikuwa ametukumbusha kwamba Yesu alimwita Yakobo akiwa kwa mashua na baba yake Zebedayo na ndugu yake Yohane, wanatengeneza nyavu. Mzee akatafuna polepole, akaniambia, "Mama, hii njugu ndio tulikuwa tunabeba kwa mashua usiku, inakaa kwa tumbo mpaka asubuhi." Mimi hilo sikulijua wakati nashuka Kibuye.

Yule jirani wa vikombe viwili vya unga alikula vipande vitatu na akaniomba vipimo, nikampa vyote. Mwaka wa 2027 tarehe 25 Julai itaangukia Jumapili, na kwa kawaida yao Santiago huo unakuwa mwaka mtakatifu. Nimeshaambia jumuiya zamu hiyo niachiwe mimi, keki nne, na mwenye kinu nimeshamwomba.